Magoti Mawili ya Wapasua Mbao

Wodi ya Wanaume,
Hospitali ya Misheni,
Homa Bay.
6 Machi, 1966

Kwa mwanyumba Nchagwa,

Pokea salamu zangu na za Benta. Yeye ni mzima, watoto ni wazima, na mimi mwenyewe, ukiondoa mguu, sina la kulalamikia. Je, wewe? Rispa ameshajifungua? Huku hatujasikia chochote, na Benta kila akija hapa swali lake la kwanza ni la mdogo wake.

Sasa nikuulize jambo lililonikaa kooni tangu Jumanne. Nilipotolewa kwenye chumba cha plasta nilikuta kitanda chako kitupu, blanketi limekunjwa vizuri kama la mtu aliyepewa ruhusa. Yule mzee wa kitanda cha dirishani akaniambia, "Mwenzako amepanda lori la samaki, limekwenda Suna." Nilidhani anatania. Mtu aliyetolewa kwenye shimo la kupasulia mbao na watu wanne siku ya Alhamisi, Jumanne anapanda lori?

Daktari alikasirika sana. Alinionyesha picha zetu za mifupa, yangu na yako, akazishika dirishani. Mifupa yetu sote ni mizima. Kilichoumia ni kano, zile kamba zinazoshika goti huku na huku. Alisema hivi, na mkalimani akanirudia mara mbili ili nielewe: "Kamba iliyochanika haiungani ikiwa inavutwavutwa. Dawa yake ni kukaa kimya." Ndiyo sababu wamenifunga plasta kutoka kwenye nyonga hadi kifundo cha mguu. Wiki sita. Ilipokuwa inakauka ilikuwa moto, kisha ikapoa, na tangu ilipopoa mguu siuhisi kama wangu.

Kuhusu gogo, usijilaumu. Mvule ule ulikuwa na ufa ndani ambao hakuna aliyeuona. Ulipozunguka juu ya kichanja, mimi nilianguka nao, na wewe uliyekuwa chini shimoni hukuwa na pa kukimbilia. Kutoka na magoti tu ni bahati.

Baba mkwe wetu alikuja kutoka Rangwe kunitazama. Akauliza, "Na mume wa Rispa yuko wapi?" Nikasema umekwenda kuangalia nyumba.

Rudi, Nchagwa. Plasta nyingine ilifika Ijumaa kutoka Kisumu. Miaka minane tumepasua mbao pamoja, mimi juu na wewe chini, na hakuna mtu mwingine anayejua mvuto wangu wa msumeno. Goti lako likikaa vibaya nitapasua na nani?

Wasalimie wote.

Ni mimi mwanyumba wako,
Okemwa

*

Suna.
27 Machi, 1966

Mwanyumba Okemwa,

Habari za huko kitandani? Sisi huku tunaamka na kulala vizuri. Rispa alijifungua msichana siku mbili tu baada ya mimi kufika. Mama na mtoto wana afya. Mwambie Benta mtoto amechukua masikio ya ukoo wao, hata mimi nimeyaona.

Sasa umejua kwa nini niliondoka. Rispa alikuwa peke yake na siku zake zilikuwa zimefika. Nilikusudia kurudi ile Ijumaa nifungwe plasta kama wewe. Sikurudi kwa sababu ya mtu mmoja anayeitwa Barnabas.

Huenda umemwona sokoni hapa Suna, mzee mrefu anayeuza makoti kuukuu. Ni Mkuria kama mimi, lakini wakati wa vita alikuwa askari, akafanya kazi ya kusaidia madaktari wa jeshi kule Bama, ng'ambo ya bahari. Alikuja kumtazama mtoto, akanikuta nimelala, mguu juu ya gunia la mahindi.

"Umeambiwa mfupa umevunjika?"

"Hapana. Kano."

"Basi mbona umelala kama umekufa?"

Akanieleza kuwa kule vitani walikuwa na daktari aliyekuwa akipokea magoti kama haya kila wiki. Alikuwa anayafunga kwa kitambaa kigumu yasiende upande, anangoja uvimbe upungue siku nne au tano, halafu anaanza kumwamuru mgonjwa akunje. Kidogo kidogo, kila siku. Barnabas ndiye aliyekuwa akiwashika visigino na kuhesabu.

Hivyo ndivyo amenifanyia. Nakaa ukingoni mwa meza, mguu unaning'inia, nauacha uende na kurudi polepole. Kisha nafungiwa mfuko wa mchanga kwenye unyayo na kuunyoosha mguu mpaka paja litetemeke. Mara thelathini asubuhi, mchana na jioni. Siku ya kwanza nilimtukana kwa Kikuria, naye akanitukana kwa Kikuria, tukaendelea.

Leo ni wiki ya nne na goti linakunjika mpaka kisigino kinagusa mguu wa stuli. Natembea kwa fimbo hadi mtoni.

Mwanyumba, sikusomea mambo haya. Lakini muulize Daktari wako kama plasta haiwezi kutolewa mapema. Muulize tu.

Ni mimi mwanyumba wako,
Nchagwa

*

Hospitali, Homa Bay.
11 Aprili, 1966

Kwa mwanyumba Nchagwa,

Salamu kwako, kwa Rispa na kwa mtoto. Tulifurahi. Benta aliisoma barua yako kwa sauti hapa wodini mpaka mzee wa dirishani akacheka pale pa kutukanana.

Mimi sikucheka. Nilimuuliza Daktari kama ulivyotaka. Aliketi, na si kawaida yake kuketi. Akasema amewahi kuona magoti yaliyochezewa yakiwa bado mabichi, na kwamba wenyewe walikuja kutembea kama watu wanaokanyaga mashua inayoyumba. "Rafiki yako ataona raha mwaka huu," akasema, "na atanikumbuka mwaka ujao." Sasa nimwamini nani? Daktari ana picha za mifupa. Barnabas ana makoti.

Nisamehe kwa maneno hayo, lakini nimelala hapa wiki ya sita na nina hasira ambayo siipatii mahali. Hata hasira yenyewe haidumu. Inakuja mchana, mpaka jioni imeshapita na sikumbuki ilikuwa ya nini. Siku ya Sabato ndugu wa kanisa huja kuimba mlangoni mwa wodi. Zamani ningeimba sauti ya tatu. Sasa natazama midomo yao.

Nikigonga plasta kwa kijiko, nasikia mlio tu. Ndani siamini kama kuna mtu.

Kesho wanaifungua. Nitakuandikia.

Mwanyumba wako,
Okemwa

*

Suna.
8 Mei, 1966

Mwanyumba,

Vipi hali? Nimengoja barua yako ya kufunguliwa plasta, haijafika. Labda posta. Sisi tu wazima, mvua ni nyingi, mtoto amenenepa.

Fimbo nimeitupa. Juzi nilikwenda mpaka shimoni kwetu, nikashuka ngazi mwenyewe, nikasimama chini pale ninaposimama siku zote. Nilitazama juu kama nitakuona. Unga wa mbao umelowa na kuota majani.

Fundi wa mashua wa Kisegi amekuja mara mbili. Anataka mbao za mvule kabla ya Agosti, ndefu, zisizo na fundo. Nikamwambia, "Mwenzangu yuko hospitali, atatoka." Akasema atangoja.

Nikufiche nini? Goti langu nalo si lile la zamani. Kwenye tambarare ni zima, lakini nikiteremka kilima linataka kuniacha, kama mlango uliolegea bawaba. Barnabas amelishika huku na huku, akasema huenda likabaki hivyo, nilifunge kitambaa nikiwa kazini na nisiache mfuko wa mchanga. Kwa hiyo Daktari wako hakusema uongo wote. Lakini linakunjika, na nalima.

Niandikie.

Mwanyumba wako,
Nchagwa

*

Homa Bay.
29 Mei, 1966

Kwa mwanyumba Nchagwa,

Salamu kutoka nyumbani. Nimetoka hospitali tangu juzi. Benta na watoto wanakusalimu.

Sikukuandikia kwa sababu sikuwa na habari. Ile siku ya Aprili walipofungua, goti lilivimba walipolijaribu, nikapiga kelele, na Daktari akaona kano bado hazijaungana. Wakanifunga tena wiki sita nyingine. Jumla ni kumi na mbili.

Juzi wamefungua kwa mara ya mwisho. Walikata kwa mkasi mkubwa, plasta ikafunguka kama ganda, na kilichokuwa ndani nilikitazama kwa muda kabla sijakubali kuwa ni changu. Ngozi ilikuwa inabanduka. Paja limekonda, naweza kulizungushia vidole vya mikono miwili vikakutana. Goti lilibaki nene katikati, kama fundo kwenye kamba.

"Kunja," dresa, yule msaidizi wa kufunga vidonda, akaniambia.

Nikakunja. Nilijua nimekunja, nilisikia jasho. Nilipotazama, mguu ulikuwa pale pale. Chini ya goti palikuwa na nafasi ya kupitisha vidole viwili.

Dresa akasema, "Nenda nyumbani, litafunguka lenyewe."

Nalala mguu ukiwa umenyooka, nakula mguu ukiwa umenyooka. Kiti chetu kimoja cha nyumbani nimekigeuza ili mguu upite mlangoni. Choo nakwenda kwa shida ambayo sitakuandikia. Mwambie fundi wa Kisegi Agosti bado ni mbali.

Mwanyumba wako,
Okemwa

*

Suna.
12 Juni, 1966

Mwanyumba,

Barua yako imefika na nimeisoma mara nyingi. Pole. Nyumbani hatujambo.

Nilimpelekea Barnabas habari. Nilimwambia wiki kumi na mbili. Akauliza, "Ngapi?" Nikarudia. Akaacha koti alilokuwa anakunja.

Anasema usingoje lifunguke lenyewe, wala usimruhusu mtu yeyote alivute kwa nguvu. Haya mawili amenishika mkono akaniambia niyaandike. Liloweshe kwa maji ya moto, kaa ukingoni mwa kitanda, likunje mwenyewe kadiri linavyokubali, hata kama ni unene wa shilingi kwa siku. Litahitaji miezi, si wiki. Afadhali uje Suna ukae kwetu. Panda lori kwenye kiti cha mbele, nitakungoja barabarani.

Mwanyumba wako,
Nchagwa

*

Suna.
4 Septemba, 1966

Mwanyumba Okemwa,

Hii ni barua ya tatu bila jibu. Nakusalimu tu, sikuulizi afya kwa sababu nimeiona.

Baba mkwe alituletea habari kwamba ulirudishwa hospitali mwezi wa Julai. Nilikuja Agosti, Jumapili ya pili. Muuguzi akaniambia umelala. Nilisimama karibu na kitanda chako kama nusu saa. Ulikuwa umeelekea ukutani na mguu umefungwa tena. Nimekusikia ukilala miaka minane kwenye vibanda vya kazi, na siku ile hukuwa umelala. Niliacha sukari na sabuni nikaondoka. Sijakukasirikia.

Lililonileta kwenye karatasi ni mambo mawili.

La kwanza, nimempata mtu wa kupasua naye. Anaitwa Gisiri, kijana wa huku kwetu. Fundi wa Kisegi hakuweza kungoja zaidi. Gisiri anasimama juu kwa sababu mimi, na goti hili, siwezi kusimama juu ya gogo. Siku ya kwanza nilimwita kwa jina lako mara mbili.

La pili nimelibeba tangu Machi. Siku ile ya Jumanne plasta iliyobaki hospitalini ilikuwa ya mtu mmoja. Wewe ulikuwa umesinzia. Dresa alikuja na kiti cha magurudumu akasoma karatasi, na jina la kwanza lilikuwa langu. Nikamwambia, "Huyu ni mwanyumba wangu, ameoa dada mkubwa. Aanze yeye, mimi nitangoja ya Ijumaa." Akakuchukua wewe.

Nilikupisha kwa heshima. Nilidhani nakupa kitu kizuri. Angenichukua mimi, wewe ndiye ungetoka mzima, na mimi ningekuwa nimelala hapo.

Sasa umejua. Fanya nayo utakavyo.

Nchagwa, mwanyumba wako kama bado unanihesabu

*

Hospitali, Homa Bay.
13 Novemba, 1966

Kwa mwanyumba Nchagwa,

Salamu kwako na kwa nyumba yako yote. Benta ni mzima, watoto wanasoma. Sukari tuliipata.

Ni kweli sikuwa nimelala. Nilizijua hatua zako tangu mlangoni, maana una mguu mmoja unaouburura kidogo, na niliusikia ukija. Niliendelea kutazama ukuta.

Nikueleze ya Julai. Barua yako yenye maneno ya Barnabas niliipata. Maji ya moto nilifanya siku tisa. Kila siku nilipima kwa vidole, na kila siku vilikuwa vile vile viwili. Siku ya kumi sikufanya. Ndipo Daktari akaniita, akasema ipo njia ya haraka. Wangenilaza kwa nusukaputi, nisisikie chochote, na yeye angelikunja goti kwa mikono yake na kuzikata nyama zilizogandana ndani. Nilikumbuka ulichoandika, kwamba mtu asilivute kwa nguvu. Nilikumbuka vizuri kabisa, Nchagwa, kisha nikatia kidole gumba kwenye karatasi yao kana kwamba ni jambo la mtu mwingine, mimi ambaye najua kuandika jina langu.

Nilipoamka, Daktari alikuwa amekaa kando ya kitanda. Akasema lilikunjika vizuri, kisha kukatokea mlio. Ile kano iliyo chini ya pia ya goti, inayonyoosha mguu, ilikatika. Ilikuwa imekuwa dhaifu kwa kukaa bure. Wakaishona, wakafunga plasta tena. Ndipo homa ikaja na ukuta ukawa rafiki yangu.

Barua yako ya Septemba niliisoma siku hiyo hiyo ilipofika. Nilitegemea nikifika pale pa kunipisha nitalia au nitapiga kitu. Nilifika pale, nikapapita, nikasoma mpaka jina lako. Kisha nikala uji. Nilitaka ujue ukweli huo. Sina kinyongo nawe, lakini pia sikupata kitu kingine cha kuweka mahali pa kinyongo.

Mwezi uliopita alikuja muuguzi mpya, Filister, ametoka kusoma Kampala. Kazi yake ni viungo tu. Ana kipimo cha pembe cha mbao, kama kile cha maseremala, anakiweka kwenye goti na kuandika. Alisoma karatasi zangu zote tangu mwanzo, amesimama. Mwishoni akauliza, "Wiki ya kwanza, uvimbe ulipopungua, hakuna aliyekuambia ukaze paja?"

"Hapana."

"Hata kuinua mguu?"

"Niliambiwa kukaa kimya."

Akasema kule alikosoma nako bado wanabishana. Wapo wanaofunga miezi, wapo wanaoanza kukunja wiki ya kwanza, na goti lililochanika kabisa pengine halina budi kushonwa na kufungwa. Lakini langu, akitazama picha na maandishi, anaona halikuwa limechanika lote. Langu na lako yaliandikwa maneno yale yale kwenye mstari mmoja.

Jioni Daktari alikuja naye. Akavua miwani. Alisema kwa Kiswahili chake, bila mkalimani, "Okemwa, mimi nilifundishwa hivyo. Mimi nilifundisha wengine hivyo." Alitaka nimjibu. Nilimwambia asante, Daktari, kwa kuwa alikuwa amesimama muda mrefu.

Filister ananikunja kila asubuhi. Kwenye kipimo chake nimefika nyuzi ishirini na tano.

Mwanyumba wako,
Okemwa

*

Suna.
4 Desemba, 1966

Mwanyumba,

Tumepata barua. Rispa aliisoma baada yangu akatoka nje. Sote tu wazima, na tunakuhesabu.

Barnabas nilimpa habari ya nyuzi ishirini na tano. Akasema usiache.

Nina shida na wewe tu ndiye wa kuniambia. Fundi wa Kisegi amerudisha mbao nne. Zinaanza unene mmoja na kuishia unene mwingine. Gisiri ana nguvu lakini mstari unamkimbia. Ukiwa juu ulikuwa unafanya nini? Miaka yote nilikuwa chini, vumbi machoni, nilikuwa navuta tu. Sijawahi kukuuliza.

Nchagwa

*

Hospitali, Homa Bay.
5 Machi, 1967

Kwa mwanyumba Nchagwa,

Mwaka umezunguka. Nakusalimu wewe, Rispa, mtoto, na Barnabas ambaye sijamwona lakini natamani kumwona. Mimi nalala nyumbani sasa. Hospitali nakuja kwa kazi.

Swali lako nimechelewa kulijibu kwa sababu sikuwa najua jibu. Nilikuwa nafanya tu. Nilikaa nalo wiki nyingi, nikishika msumeno ambao haupo. Mwambie Gisiri asiutazame msumeno, atazame mstari hatua moja mbele ya meno. Uzi wa kuchorea mstari auchovye kwenye makaa yaliyosagwa, aupige asubuhi kabla jua halijakausha gogo. Na asimame vidole vya mguu wa mbele vikielekea kwenye mstari, goti la mbele likiwa limelegea kidogo. Likikazwa, mikono inaelekea upande. Hapo ndipo ulipo mstari wote, kwenye goti. Sikulijua hilo mpaka nilipokaa kukuandikia.

Msumeno akae nao Gisiri. Kwangu goti limefika nyuzi arobaini, na Filister amepima wiki sita mfululizo bila kuongezeka. Amesema litaishia hapo, naye si mtu wa kuficha.

Kazi yangu hapa ni hii. Nachonga magongo, nimekaa, mguu juu ya kigogo. Na asubuhi Filister ananiita kuwashikia wagonjwa wa magoti visigino na kuwahesabia, kama Barnabas alivyofanya kwako. Mwanzo nilikataa. Akasema wagonjwa hawamwamini, wanasema anawaumiza, wanataka plasta kama walivyosikia. "Wewe watakuamini," akaniambia. Sikumuuliza kwa nini. Mguu wangu walikuwa wanauona wanapoingia.

Mwezi wa Januari aliletwa mwalimu mmoja, Mong'ina, msichana wa Kisii anayefundisha karibu na Rangwe. Alianguka na baiskeli, goti likaenda upande. Daktari alilishika muda mrefu. Nilikuwa kwenye benchi na magongo yangu, nikamwona akitazama kabati la plasta, kisha akamtazama Filister. Akasema, "Kitambaa. Siku tano. Halafu aanze." Akaenda zake haraka.

Siku ya sita tulimkalisha ukingoni mwa meza. Nilishika kisigino. Alilia, akaniambia kwa Kikisii chetu kwamba mimi ni mtu mbaya, nami nikahesabu kwa Kikisii. Nilimwambia, "Mwalimu, mimi walinihurumia." Akatazama mguu wangu, akakunja tena, tukafika kumi na tano. Wiki ya tatu goti lake lilipita pembe mraba, nyuzi tisini. Filister akaandika, kisha akaandika tena juu yake, akajifanya kalamu ni mbovu.

Mimi nilikuwa nikishika kile kisigino kila siku na sikuhisi kitu. Nakuandikia hivi kwa kuwa najua unangoja niseme nimepona moyoni. Nilihesabu kwa sababu nilitakiwa kuhesabu. Nikienda nyumbani Benta alikuwa akiniuliza, "Amefika ngapi leo?" nami nikamtajia, kama mtu anayesoma bei ya pamba.

Alhamisi iliyopita aliruhusiwa kwenda. Alituaga wote, akachukua kikapu chake. Mimi nilibaki kwenye benchi na randa. Alipofika langoni akasimama. Kamba ya kiatu ilikuwa imefunguka. Aliweka kikapu chini, akachuchumaa kabisa, visigino chini, magoti yote mawili karibu na kidevu, akaifunga kwa utulivu, fundo mara mbili. Kisha akainuka kwa mguu ule ule, bila kushika ukuta. Hakujua kama kuna mtu anamtazama. Alikuwa anafunga kiatu tu.

Randa ilikuwa imeniponyoka mkononi, sikuisikia ikianguka. Mzee mmoja wa wodini aliiokota akanipa, akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia hapana. Nchagwa, sikumwonea wivu. Nilitaka tu kamba ifunguke tena, achuchumae, nimwone.

Pasaka nitakuja Suna. Niombee kiti cha mbele kwenye lori, upande wa mlango.

Ni mimi, mwanyumba wako,
Okemwa